Miguu Juu ya Kasha

Mji ule ulikuwa na asubuhi lakini haukuwa na tarehe. Ukimwuliza mtu leo ni siku gani, atakutazama kwa huruma, kisha atakujibu kwamba leo ni siku ya kazi. Kidawa, mpigapicha, alifika hapo jana, au juzi, au pengine alikuwa hajafika bado na aliyekuwa akitembea na kamera mgongoni ni mtu mwingine aliyeazima jina lake. Hilo halikumsumbua. Tangu zamani yeye alikuwa mtu wa kuchungulia tu. Mlango ukiachwa wazi kidogo, keshatia kichwa. Sufuria ikichemka kwa watu, keshafunua kuona kimepikwa nini. Mama yake alimwonya kwamba udadisi utamponza, na kweli ulimponza mara nyingi, wala hakukoma.

Safari hii udadisi wake ulikuwa na ruhusa. Baraza la mji lilikuwa limesikia fununu kwamba kiwanda cha kamba kinawafanyisha kazi watoto, na sheria ya mji ilikataza jambo hilo katakata. Mashahidi waliitwa, wakasema, wakabishana, wakarudi makwao. Waheshimiwa wakachoka na maneno. Wakataka picha, kwa kuwa picha, walisema, haibishani na mtu. Nani aliyewaambia hivyo, mimi sijui. Basi wakamtuma Kidawa na kamera yake ya mbao, kitambaa chake cheusi na vioo vyake vilivyopakwa dawa, alete picha moja tu ya mtoto akiwa kazini. Akiileta, lango la kiwanda litafungwa kwa watoto wote. Asipoileta, shauri limekwisha na lisitajwe tena.

Langoni ndipo alipokutana na kituko cha kwanza. Bawabu, mzee mwenye ndevu nyeupe hadi kifuani, aliinuka kwenye kigoda chake, akavua kofia na kuinama. Mbele yake ulipita msururu wa watu wafupi waliovaa makoti marefu yaliyoburura vumbi.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema bawabu.

"Marahaba," alijibu aliyetangulia. Sauti yake ilipenyea pengo la meno ya mbele, yale ambayo humtoka mtu ili mengine yaote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Kidawa alicheka, akadhani ni mchezo wa babu na wajukuu. Akasubiri wamalize kupita. "Babu, shikamoo. Mbona unawaamkia wajukuu zako?"

"Marahaba, mama. Sema polepole." Mzee alitazama huku na huku. "Sheria yetu inasema mtoto ni yule anayetoa shikamoo, na mkubwa ni yule anayeiitikia. Sasa hawa umewasikia wenyewe. Wameitikia. Kwa hiyo ni watu wazima."

"Mpaka lini?"

"Mpaka jioni. Jioni wakitoka, mimi nakaa, wao wananiamkia. Wanakuwa watoto tena, wanakwenda kulala."

"Na anayesahau kukuamkia?"

Bawabu alikuna ndevu. "Yupo mmoja alisahau. Alitoka mbio, mvua ilikuwa inakuja. Tangu hapo hajarudi utotoni. Utamwona humo ndani, ndiye nyapara." Halafu akamkazia macho Kidawa. "Na wewe mama, utu uzima wako uliuitikia kwenye lango gani?"

Kidawa alijaribu kulikumbuka lango hilo. Alikumbuka kuwa mtoto, na alikumbuka kuwa mkubwa, ila katikati pale palikuwa kama chumba ambacho mtu amepita taa ikiwa imezimwa. Aliliweka swali lile akilini, kwa kuwa yeye alikuwa hatupi swali, akaingia ndani.

Ndani kulikuwa na ngurumo. Mashine za kusokota zilipangwa pande zote mbili za ukumbi, chuma kitupu, na kutoka katika kila mashine nyuzi za mkonge zilikimbia kwenda kukutana katika kamba moja nene. Kamba ile ilitoka nje kupitia tundu la ukuta wa mbele. Saa ya ukutani ilikuwa na uso lakini haikuwa na mishale. Mbele ya kila mashine palikuwa na kasha la mbao lililopinduliwa, na juu ya kila kasha alisimama mmoja wa wale wafupi wa makoti marefu, makoti sasa yakiwa yamevuliwa na kutundikwa. Uzi ulipokatika, vidole vyao vilirukia ncha mbili na kuziunga kabla mashine haijatambua. Nyuzi zilikatika kila mara. Kwa hiyo vidole havikupumzika.

Kidawa alimsogelea aliyekuwa karibu, msichana wa nywele zilizojaa mavumbi ya mkonge. "Hujambo, mtoto?"

Ukumbi mzima uliganda. Nyuzi zikakatika huku na huku, na nyapara akaja mbio akipiga mashine kwa fimbo. Alikuwa mtu mrefu, ametunisha kifua, lakini alikimbia kwa kurukaruka madoa ya mafuta sakafuni kama mtu anayecheza. Jina lake Msabaha.

"Mama mpigapicha! Hapa hakuna mtoto. Huyu ni Bi Mize. Mwamkie vizuri."

Kidawa alikuwa na mvi. Aliona haya, kisha akaona hasira, kisha udadisi ukazishinda zote mbili. Alitaka kujua maneno yale yatakuwa na ladha gani mdomoni.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu," Mize alijibu bila kugeuka. Vidole vilikuwa vimesharudi kwenye nyuzi.

Yalikuwa na ladha chungu, na Kidawa hakuyasahau.

"Umekuja wakati mzuri," Msabaha aliendelea, sasa kwa uchangamfu. "Bi Mize anapanda cheo. Baraza likishamaliza kikao chake, nampeleka chumba cha meno."

Chumba cha meno kilikuwa nyuma ya mlango wa bati. Humo mlikuwa na magurudumu yenye meno ya chuma yaliyochana mkonge, na aliyelisha magurudumu yale alipaswa kuwa na mkono mwembamba na usiochelewa. Nyapara alipokwenda mbali, Mize alisema, macho yakiwa kwenye nyuzi, "Dada yangu alikuwa humo. Siku hizi mama anamlisha kwa mkono." Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Kidawa alitazama vidole vile kumi vikirukaruka juu ya nyuzi na moyo wake ukauma. Alijua sasa kwamba picha aliyotumwa si ya Baraza. Ilikuwa ya vidole vile.

Akafungua miguu ya kamera, akajifunika kitambaa, akatia kioo, akaondoa kifuniko cha lenzi, akangoja. Vioo vya wakati ule, kama ulikuwa wakati, vilikuwa vizito vya kuelewa. Kioo kilitaka kitu kikae mbele yake kimetulia, muda wa mtu kuvuta pumzi taratibu na kuishusha. Kitu kisichotulia kilipita mbele ya kioo bila kuacha alama, au kiliacha ukungu tu. Kidawa alilijua hilo, lakini alikuwa hajawahi kulifikiria hadi mwisho wake. Alipokisafisha kioo kwa dawa katika stoo yenye giza, aliona mashine zimetoka safi, misumari yake ungeweza kuigusa. Makoti ukutani yalionekana. Saa isiyo na mishale ilionekana. Mbele ya mashine hapakuwa na mtu.

Msabaha alikishika kioo, akakielekeza dirishani, akacheka hadi akakaa chini. "Si nilikwambia? Mashine zetu zinajiendesha zenyewe. Wapelekee hiyo hiyo!"

Kidawa alipiga tena, na tena, na kila mara kiwanda kikatoka kitupu. Angeweza kumwomba Mize atulie kidogo. Lakini uzi ungekatika, na uzi ukikatika bila kuungwa fimbo ya Msabaha hushuka. Tena hata angetulia ingefaa nini? Katika mji mwingine, au katika mji huu huu siku nyingine, Kidawa aliwahi kupeleka picha ya mvulana aliyesimama wima kando ya mashine, safi kabisa, na waheshimiwa wakasema, ala, huyu si amemletea baba yake chakula? Kasimama tu. Na kweli alikuwa kasimama tu, maana Kidawa ndiye aliyemsimamisha.

Hapo ndipo swali lilipomnasa. Mtoto anayefanya kazi haonekani. Mtoto anayeonekana hafanyi kazi. Sasa kilichopo ni kipi? Kama jicho la kioo haliwezi kuona isipokuwa kilichotulia, basi dunia inayohifadhiwa kwenye picha ni dunia ya waliotulia: wenye viti, wenye majumba, wenye kungoja wapigwe picha. Wanaokimbia wasije wakapigwa fimbo wanapita humo humo na hawamo. Hawakufichwa na mtu. Wamefichwa na kasi yao wenyewe, na kasi hiyo wamepewa na mwingine. Je, mwenye kiwanda alilijua hili? Au alijua tu kwamba mashine ikiongezwa mwendo watoto wanapungua, na hakutaka kuuliza wanapungulia wapi? Na mimi ninayeangalia, Kidawa aliwaza, ni nani aliyenituliza mimi hata nikawa naonekana?

Alipochoka kufikiri alitoka nje kufuata kamba. Kila mtu alimwambia kamba inakwenda mbali, inafunga meli, inafunga mizigo, inafunga dunia isitawanyike. Basi akaifuata. Ilipita juu ya vigingi kando ya makaburi, ikazunguka soko, ikapanda kilima, ikashuka, na Kidawa akatembea nayo akiwa na hamu ya kuona hiyo dunia inayofungwa. Mwisho wa matembezi alijikuta mbele ya ukuta anaoufahamu. Ulikuwa ukuta wa nyuma wa kiwanda kile kile. Kamba iliingia kwa tundu, na kwa ndani wafupi wengine walikuwa wakiifumua uzi mmoja mmoja, na nyuzi zile zikapelekwa kwenye mashine za mbele zikasokotwe. Aliwauliza wale wafumuaji kama wanajua. Mmoja akamjibu, "Tunajua, mwanangu. Lakini kazi ni kazi."

Alirudi kwa Mize akiwa amebakiwa na kioo kimoja cha mwisho. Baraza lingekaa kesho, neno ambalo katika mji ule lilimaanisha wakati wowote. Akajifunika kitambaa cheusi.

Ndani ya kitambaa, kama kila mpigapicha wa kamera zile ajuavyo, dunia huonekana kichwa chini. Sakafu iko juu, dari iko chini, na watu wananing'inia kama popo. Kidawa alikuwa ameizoea hali hiyo hata haioni tena, kwani akili yake ilikuwa ikiigeuza yenyewe. Ila siku hiyo alikuwa amechoka, na akili iliyochoka haigeuzi kitu. Aliiacha picha jinsi ilivyo.

"Unachungulia nini humo, mwanangu?" aliuliza Mize.

"Nakuchungulia wewe, bibi. Uko kichwa chini."

"Naanguka?"

"Huanguki. Umeshikilia."

"Nimeshikilia kwa kitu gani?"

Kidawa alitazama. Maisha yake yote alikuwa akipiga picha za nyuso. Akitia kioo, jicho lake hukimbilia sehemu ya juu, palipo na uso. Leo sehemu ya juu ya kioo palikuwa na miguu. Akaitazama kama anavyotazama uso, kwa umakini uleule, akaona kwamba ilikuwa haitikisiki. Mikono ilikuwa inaruka, mabega yanacheza, kichwa kinayumba, lakini miguu ilikuwa imelishika kasha, visigino juu, vidole vimekunjwa kwenye ubao ili kufikia mashine ambayo haikuundwa kwa kimo chake. Ikihama, mwili wote unaanguka. Kwa hiyo haikuhama.

"Umeshikilia kwa miguu," Kidawa alisema. Akaishusha kamera hadi ikakaribia sakafu, akaondoa kifuniko, akavuta pumzi, akaishusha.

Kioo kilipotoka kwenye dawa, alimwonyesha Mize kabla ya mtu mwingine. Lilionekana kasha na misumari yake. Juu yake ilisimama miguu miwili midogo, wazi kabisa, matope kati ya vidole, kimoja kikiwa kimempanda mwenzake. Kuanzia magotini ulianza ukungu, ukapanda ukienda ukipanuka mbele ya mashine.

"Hiyo yangu," Mize alisema. "Hicho kidole alinikanyaga mbuzi. Na huku juu ni nini?"

"Huko juu ni kazi."

Mize aliutazama ukungu ule kwa mshangao. "Kumbe ndiyo ilivyo," alisema.

Baraza likakaa. Waheshimiwa walikuwa kwenye viti vyao, mwenyekiti kwenye kiti kikubwa cha kuchongwa, na wa mwisho kabisa, amejikunyata na ushungi wake, alikuwa Bi Shekha, mkongwe kupita wote, ambaye watu walidhani huja barazani kusinzia. Kidawa akakipitishia kioo mwanga wa taa, na juu ya shuka jeupe ikatokea miguu juu ya kasha, kwa ukubwa wake halisi.

Minong'ono ilipanda. Lakini Msabaha alikuwa amejiandaa. Alikuwa amemleta Mize mwenyewe, amemvika koti refu na viatu vya mtu mzima vilivyojazwa mkonge visimtoke.

"Waheshimiwa, sikatai. Miguu ni yake, na kazini yupo. Lakini miguu midogo si kosa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na miguu midogo kuliko hii. Huyu ni mtu mzima, na nitawathibitishia kwa sheria yenu wenyewe." Akamgeukia Mize, akainama. "Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba."

Mwenyekiti alishusha pumzi. Naye akaamkia, akaitikiwa. Mheshimiwa wa pili akaamkia, akaitikiwa. Salamu ikatembea kiti hadi kiti, na kila "marahaba" iliyomtoka Mize ilimfungia mlango yeye mwenyewe, naye hakujua, alikuwa akijibu tu kama alivyofundishwa kila asubuhi. Kidawa alitamani kupiga kelele. Hakuwahi kuichukia kamera yake kama alivyoichukia wakati ule. Picha yake ilikuwa na kila kitu, na haikuwa na mdomo.

Zamu ikamfikia Bi Shekha. Hakuamkia. Alifumbua jicho moja.

"Nyie watoto mna adabu kweli?" alisema. "Mnamwamkia mkubwa wenu, naye kasimama, nyinyi mmekaa? Mimi kwetu sikufunzwa hivyo. Mpeni kiti."

Hakuna aliyeweza kukataa. Msabaha, aliyesema mwenyewe kwamba huyu ni mkubwa, ndiye aliyekimbia mbio kuliko wote, na kwa kuwa mkubwa hapewi kiti hivi hivi, mwenyekiti alilazimika kuinuka akatoa cha kwake. Kiti cha kuchongwa kikawekwa mbele ya shuka lenye picha. Mize alikitazama. Kazini hakukuwa na kiti. Alikikwea kwa tumbo, akajigeuza, akakaa.

Miguu haikufika chini. Kiatu kimoja kikateleza kikaanguka, pa, na mkonge ukamwagika. Kikaanguka cha pili. Ikabaki miguu miwili ikining'inia kando ya ile iliyokuwa kwenye shuka, kidole kimempanda mwenzake.

Macho ya waheshimiwa yakawa yanatoka kwenye shuka kwenda kwenye kiti. Kidawa alimtupia jicho Bi Shekha ajue kama alikusudia, na jicho la Bi Shekha lilikuwa limeshafumbwa. Mpaka leo hajui.

Mize hakuona kinachotazamwa. Yeye alikuwa anashangaa mgongo wake, uliokuwa umepata pa kuegemea. Mabega yalimshuka. Miguu ikaanza kucheza hewani, huku na huku, mwendo ambao hakuna kioo kingeweza kuushika. Katika maisha yake hakuwahi kukaa isipokuwa kazi imekwisha, na kazi ikiisha basi ni jioni, na jioni mtu huwaamkia wakubwa zake ili aende nyumbani. Aliinua macho. Aliyekuwa amesimama karibu naye ni Msabaha.

"Shikamoo," alisema Mize.

Kidawa alimwona nyapara akijaribu kutafuta neno jingine, lolote, mtu mzima aliyeamkiwa na mtoto mbele ya watu. Lakini mdomo hauna subira katika jambo hili.

"Marahaba, mwanangu," Msabaha alisema, na ukumbi wote ukamsikia.